Kipimo cha Hati na Mwenye Kuipokea: Programu Huria za Ofisi katika Mitaa ya Eastlands

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Juni, ambao ndio ukomo wa kuwasilisha marejesho ya kodi ya mapato ya mtu binafsi nchini Kenya, vyumba vya saiba vya Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu na Donholm, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hujaa watu waliobeba fomu za P9 walizopewa na waajiri wao, na wenye vyumba hivyo hukesha wakiwajazia wateja jedwali ambalo Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, hulitoa katika mfumo wake wa iTax. Aghalabu hakuna aangaliaye kwamba jedwali hilo, kwa miaka mingi, limekuwa likitolewa kwa sura mbili: ya kwanza imeundwa kwa ajili ya Excel, programu ya kampuni ya Microsoft, na ya pili ni ODS, faili ya kiwango huria ifunguliwayo na LibreOffice au OpenOffice, ambazo ni programu mtu azipatazo bila ya kulipa senti na bila ya kumdhulumu mwenye haki yake. Uamuzi huo wa ofisi moja, ambao haukupigiwa tarumbeta, umebeba ndani yake kadhia nzima ya programu huria za ofisi na viwango huria vya hati.

Watu wengi waliopata kuandika juu ya kadhia hii katika Afrika wamezoea kuuliza kwa nini vijana wetu hawajiungi na jumuiya za kimataifa zinazotengeneza programu hizi, na jibu wanalolitoa ni umaskini, au uhaba wa elimu, au ughali wa intaneti. Na majibu hayo yote yana ukweli, walakini hayafiki kwenye kiini. Dai la makala haya ni kwamba Eastlands haikukosa watumiaji wala haikukosa watu wa hiari. Ilichokosa ni wapokeaji, yaani ofisi, shule, waajiri na mabaraza ya mitihani walio tayari kuikubali hati ya kiwango huria kwa moyo uleule wanaoikubalia hati nyingine. Maana anayeandika hati hana amri juu ya sura yake: amri iko kwa yule aipokeaye, na maadamu mpokeaji hajafungua mlango, wito wowote wa kuwataka watu washiriki utakuwa ni wito wa kuwatwika mzigo usiokuwa na soko.

Kabla ya kuendelea, inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo husemwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Programu huria ni ile ambayo matini yake ya asili, iliyoandikwa na waunzi wake, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, kwa mujibu wa leseni inayompa ruhusa hiyo. Na kiwango huria cha hati ni maafikiano yaliyoandikwa na kutangazwa kuhusu namna barua, jedwali au mchoro utakavyohifadhiwa ndani ya faili, ili programu yoyote, iwe huria au ya kuuzwa, iweze kuifungua faili hiyo bila ya kuomba idhini ya mtu. Kiwango ni kama gorogoro ya sokoni Gikomba, ambayo muuzaji na mnunuzi wote wawili huujua ujazo wake, wala hakuna muuza maharagwe awezaye kudai kwamba gorogoro ni mali yake na kwamba atakayetaka kupima sharti anunue kwake. Faili ya ODT, ukiibadilisha jina na kuifungua kama kifurushi cha zip, utakuta ndani yake maandishi ya kawaida yasomekayo, maneno ya hati yakiwa katika sehemu moja na maelezo ya mitindo yake katika sehemu nyingine. Na jambo hilo, ambalo kwa mtu wa ofisi laonekana ni la mafundi tu, ndilo linaloihakikishia hati iliyoandikwa leo kwamba itaweza kusomwa hata baada ya kampuni iliyouza programu kufa au kubadili shauri lake.

Chimbuko la habari hii liko mbali na Nairobi. Katika mji wa Lüneburg, Ujerumani, kijana aitwaye Marco Börries alianzisha mwaka wa 1985 kampuni ya StarDivision, iliyotengeneza StarOffice. Na mwaka wa 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ikainunua, kisha mwaka wa 2000 ikayaachilia matini yake kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Kutoka katika kazi hiyo ndipo kilipozaliwa kiwango cha OpenDocument, kilichopitishwa na shirika la OASIS mwaka wa 2005 na kukubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, mwaka wa 2006 kwa nambari 26300. Microsoft haikukaa kimya: ilikipeleka kiwango chake yenyewe, OOXML, kwenye shirika la Ecma, na kutoka huko kikapelekwa ISO kwa njia ya mkato, kikiwa na maelezo ya zaidi ya kurasa 6,000, ilhali OpenDocument ilikuwa na kurasa zipatazo 700. Kura ya kwanza ya Septemba 2007 ilikikataa. Kura ya mwisho ya Machi 2008 ikakipitisha, na rufaa zilizokatwa na Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikatupwa mwezi wa Agosti mwaka uleule.

Matokeo ya ikhtilafu hiyo ni kwamba ulimwengu ulibaki na vipimo viwili vya hati, vyote viwili vikiwa na muhuri wa ISO, na kile cha pili kikiwa kimegawanyika tena katika namna mbili, namna kali na namna ya mpito iliyobeba mazoea ya zamani ya kampuni. Na namna hii ya mpito ndiyo ambayo programu ya Microsoft huitumia mtu asipochagua nyingine. Mwenye kuandika barua ya kuomba kazi pale mtaani Jericho hajui lolote katika hayo, wala si wajibu wake kujua, lakini taathira yake humfikia pale anapoituma barua aliyoipanga vizuri katika LibreOffice na kuambiwa na mpokeaji kwamba jedwali limeteleza na tarehe zimerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi kosa haliko hata katika kiwango, bali katika fonti: kuanzia mwaka wa 2007, kwa miaka mingi, Microsoft iliifanya Calibri kuwa fonti ya kwanza katika programu zake, na kompyuta isiyokuwa nayo huweka nyingine mahali pake yenye upana tofauti, ndipo mistari ikavunjika. Jumuiya ya programu huria ililijibu tatizo hilo kwa kutengeneza fonti zenye upana uleule, Liberation iliyotolewa na Red Hat mwaka wa 2007 kushika nafasi ya Times New Roman na Arial, na Carlito kushika nafasi ya Calibri. Na fundi mmoja anayezijua fonti hizo na kuziweka katika mashine zake huondoa nusu ya malalamiko ya wateja wake. Walakini angalia ni nani anayelaumiwa hati inapoharibika: kila mara ni mwandishi aliyetumia programu huria, na hata siku moja si mpokeaji aliyetaka kipimo cha kampuni moja.

Jumuiya yenyewe nayo ina historia yenye mafunzo. Oracle ilipomaliza kuinunua Sun mwezi wa Januari 2010, watu waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org kwa miaka kumi walipata shaka juu ya hatima ya kazi yao, na mnamo tarehe 28 Septemba mwaka huo wakatangaza kuanzishwa kwa The Document Foundation, ambayo baadaye iliandikishwa Berlin, wakaichukua kazi nzima na kuipa jina la LibreOffice. Nayo Oracle, mwaka uliofuata, ikaikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache. Hawakuiba kitu wala hawakuvunja mkataba, kwani leseni iliwaruhusu kuondoka na matini yote. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa programu huria wasilifiche: sehemu kubwa ya kazi nzito ya kuandika matini hufanywa na watu waajiriwa wa kampuni, mfano wa Collabora, na wale wa hiari aghalabu hushughulika na kufasiri, kuandika miongozo, kupima matoleo mapya, kuripoti kasoro na kuwasaidia wageni. Kuisema kweli hiyo hakuipunguzii jumuiya hadhi. Bali kunatuonyesha ni mlango upi ulio wazi kwa mtu wa Kayole asiyekuwa mwandishi wa programu.

Wala isidhaniwe kwamba Afrika imekuwa mtazamaji tu katika mambo haya. Huko Afrika Kusini, Dwayne Bailey na wenzake waliianzisha Translate.org.za ili kuziingiza lugha rasmi za nchi hiyo katika kompyuta, na chombo chao cha kufasiria kiitwacho Pootle kikaja kutumiwa na LibreOffice yenyewe kwa lugha za dunia nzima, hata Mjerumani na Mjapani wakawa wanaifasiri programu yao kwa chombo kilichozaliwa barani Afrika. Baraza la mawaziri la nchi hiyo lilipitisha sera ya programu huria serikalini mwaka wa 2007. Kenya nayo ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa pili wa Idlelo, ulioitishwa na shirika la FOSSFA na kufanyika Nairobi mwezi wa Februari 2006, ambapo wataalamu kutoka pembe nyingi za bara walijadiliana juu ya programu huria na lugha za Kiafrika. Mazungumzo hayakukosekana, wala wasemaji. Kilichokuwa haba ni ofisi zilizorudi kutoka katika mikutano ile zikabadili fomu zao.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi iliyotangulia ilifanyika Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi katika mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, kilitoa mwezi wa Desemba 2004 toleo la OpenOffice lililofasiriwa kwa Kiswahili, likaitwa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua, kupiga hesabu na kutengeneza maonyesho katika programu kamili ya ofisi ambayo menyu zake zilizungumza lugha yake. Hata hivyo, programu hizi hutoka upya mara kwa mara, LibreOffice ikiwa na matoleo makubwa mawili kila mwaka, na kila toleo huja na maneno mapya yanayohitaji kufasiriwa; kwa hiyo tafsiri iliyofanywa kwa fedha za mradi wenye mwanzo na mwisho huanza kuchakaa siku ileile mradi unapofungwa. Hii ndiyo tofauti baina ya mradi na jumuiya, nayo si tofauti ya juhudi wala ya akili: mradi huishi kwa ruzuku, na jumuiya huishi kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ya kila siku itaharibika wasipoitunza programu. Lau ofisi na shule za Tanzania na Kenya zingalikuwa zikitumia toleo lile la Kiswahili kwa shughuli zao, wangalikuwapo maelfu ya watu wenye kudai marekebisho yake; lakini hazikuwa, na kazi njema ikabaki bila ya mdai.

Mfano wa pili ni wa kamusi ya tahajia. Jason Githeko, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, alitengeneza kisahihishi cha tahajia ya Kiswahili kilichoingizwa katika OpenOffice na kurithiwa na LibreOffice, ambako hadi leo kinabeba alama ya Kiswahili cha Tanzania ijapokuwa aliyekiunda ni mtu wa Kenya. Kazi ya namna hiyo haikamiliki kwa kuorodhesha maneno tu, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili, tuseme andika, huzaa tumewaandikia, hawakuandikiwa, watakapotuandikia na mamia ya sura nyingine, hata ikawa hakuna orodha iwezayo kuzimaliza zote; ni lazima mtu aandike kanuni za viambishi zitakazoiwezesha kompyuta kuzitambua sura hizo kutokana na mzizi. Chombo kinachoziendesha kanuni za namna hiyo, Hunspell, kiliandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihangari, ambayo nayo ni lugha yenye viambishi vingi, na watafiti wa Nairobi walikitumia mnamo mwaka wa 2010 kuunda kisahihishi cha Kikikuyu. Kwa hiyo Mhangari aliyetatua shida ya lugha ya kwao aliwatatulia pia watu wa Nairobi ambao hakupata kuwajua, na hiyo ndiyo faida ya uhuria ambayo hakuna tangazo la biashara liwezalo kuieleza. Mwalimu wa Kiswahili pale Makadara anayeona neno sahihi likipigiwa mstari mwekundu ana uwezo wa kuchangia kitu ambacho mhandisi wa Berlin hawezi, yaani hukumu ya mwenye lugha. Ila hakuna aliyemwambia kwamba hukumu hiyo inahitajiwa, wala hana sababu ya kuitoa ikiwa hati anayoandika, mwishowe, itapelekwa mahali ambapo programu hiyo haikubaliki.

Sasa na tuitazame Eastlands yenyewe, ambayo si mtaa mmoja bali ni mkusanyiko wa mitaa ya zama na hali mbalimbali: Pumwani ya zama za utawala wa kikoloni, Kaloleni na Makongeni za wafanyakazi, Buruburu na Umoja zilizojengwa tangu miaka ya 1970 kwa watu wa kipato cha kati, Dandora ambako wenyeji walipewa viwanja vyenye misingi ya maji na choo wakajijengea wenyewe, na Kayole iliyofuatia. Katika mitaa hii yote kompyuta ya mtu wa kawaida ni mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, inayouzwa kwa jina la ex-UK, na ndani yake aghalabu mmekwisha kutiwa Windows na Office zilizonakiliwa, hata mnunuzi hajui kwamba vitu hivyo vina bei. Hii ndiyo sababu hoja ya urakhisi, inayotegemewa sana na watetezi wa programu huria, haimshtui mtu wa Eastlands: utamwambiaje kwamba LibreOffice ni ya bure ilhali kwake hiyo nyingine pia ni ya bure? Gharama ya kweli anaijua mwenye saiba, anayeogopa mkaguzi wa hakimiliki na virusi vilivyofungashwa pamoja na nakala za wizi, na inajulikana pia na shule ya jamii yenye mashine kongwe zisizoweza kubeba matoleo mapya.

Elimu ndiyo inayofuata. Vyuo vidogo vilivyo juu ya maduka hufundisha kile kiitwacho kompyuta pakejis, na mtu huhitimu akiwa amejifunza mahali vitufe vya kampuni moja vilipo, si kazi yenyewe ya kupanga waraka au kujenga jedwali la hesabu, ndipo anapobadilishiwa programu akajiona kama hajasoma. Katika shule za upili, somo la Kompyuta katika mtihani wa KCSE lina karatasi tatu, na ya pili ni ya vitendo, ambapo mtahiniwa hutakiwa kuchapisha kazi yake na kuihifadhi katika CD au chombo kingine anachopewa. Na kwa kuwa mtahini ni mpokeaji wa hati, mwalimu yeyote mwenye busara ataifundisha ile programu anayoamini kwamba mtahini anaitarajia, hata kama mashine ya shule ingefanya kazi vizuri zaidi na nyingine. Baraza la Mitihani likitamka kwa maandishi, waziwazi, kwamba faili ya OpenDocument itasahihishwa sawasawa na nyingine yoyote, tamko hilo litafanya kazi kubwa kuliko warsha nyingi za kuwahamasisha walimu.

Hapa turejee kwa KRA, maana mfano wake una pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba kwa kutoa faili ya ODS mamlaka hiyo ilimwondolea mlipa kodi sharti la kununua, au kuiba, programu ya kampuni fulani ili atimize wajibu wake kwa serikali, na mwenye saiba wa Umoja anayetumia LibreOffice akaweza kuwahudumia wateja wake kihalali. Upande wa pili ni kwamba ilibidi zitengenezwe faili mbili badala ya moja, kwa sababu jedwali hilo haliandikwi tu, bali hujihakiki lenyewe na kutoa kifurushi cha zip cha kupandishwa katika mfumo, na hayo hufanywa na makro. Na kiwango cha OpenDocument, pamoja na ubora wake wote, hakikuweka lugha moja ya makro itakayofuatwa na kila programu. Basi uhuria wa sura ya faili haukutosha kuleta uhuria wa kazi, na mwenye kupanga huduma za umma inampasa aufahamu mpaka huo: fomu inayotegemea makro huwafunga watu hata ikivaa vazi la kiwango huria, na ile inayojazwa ndani ya kivinjari cha intaneti, au katika hati ya kawaida isiyo na makro, huwaacha huru.

Tena sheria ya Kenya haiko kinyume na jambo hili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 hairuhusu taasisi ya umma kutaja jina la bidhaa ya kampuni fulani katika masharti ya kiufundi, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kitu kinachotakiwa, na hapo nayo sharti iruhusu kilicho sawa nacho. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 35, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 iliifafanua haki hiyo. Na ni vigumu kuona jinsi haki ya kupata habari inavyotimia ikiwa habari yenyewe imo ndani ya faili ambayo mtu hawezi kuifungua sawasawa mpaka anunue kitu. Msingi wa kisheria, kwa hiyo, umekwisha kuwekwa, na kinachosubiriwa ni mtu wa kuusimamia.

Insafu hutaka tuzisikilize pia hoja za upande wa pili. Hoja ya kwanza ni ya ajira: mzazi wa Mathare aliyejinyima ili kumlipia mwanawe karo ya kompyuta anataka mwanawe ajue kile ambacho tangazo la kazi limekitaja, na hakuna nadharia ya uhuru iwezayo kumlaumu. Jibu lake ni kwamba hoja hii inalithibitisha dai letu badala ya kulivunja, kwa kuwa mwajiri ni mpokeaji, na lawama ni yake. Hoja ya pili ni kwamba hata miji yenye nguvu imeshindwa: Munich, huko Ujerumani, iliamua mwaka wa 2003 kuhamia programu huria, ikazihamisha takriban kompyuta 15,000, kisha baraza la mji likaamua mwaka wa 2017 kurudi Windows. Ni kweli, lakini mwaka wa 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, katika nchi ileile, lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenye LibreOffice, na serikali ya Uingereza ilikwisha kuamua tangu mwaka wa 2014 kwamba hati zake zinazohaririwa zipelekwe na kupokewa kwa OpenDocument. Uingereza haikumlazimisha mtu abadili programu yake; ilibadili kipimo cha upokezi tu, na njia hiyo ndiyo iliyo rakhisi zaidi kwa nchi kama yetu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo ni simu. Kijana wa Kayole wa leo huenda asiwe na kompyuta kabisa. Wasifu wake wa kuombea kazi ameuandika katika simu, kwa WPS au kwa Google Docs, na hati yake imelala katika mtambo wa kampuni ambayo hajui iko wapi. Watetezi wa programu huria wakiendelea kupigania menyu za kompyuta ya mezani peke yake watajikuta wanalinda boma ambalo wenyeji wamekwisha kulihama. Hata hivyo kiwango huria kinazidi kuwa na maana hapo, si kupungua, kwani mtu ambaye programu yake ni ya kukodi na hifadhi yake ni ya kuazima hana kinga nyingine ya kuichukua kazi yake na kuondoka nayo ila kuweza kuitoa katika sura ambayo kila chombo huifahamu.

Tena kuna ushahidi kwamba watu wa mitaa hii hushiriki katika kazi ya pamoja ya kidijitali wanapoona matokeo yake. Baada ya vijana wa Kibera kuanza mwaka wa 2009 kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, kazi hiyo ilienea hadi Mathare na Mukuru, na wakazi waliokuwa hawajapata kusikia neno leseni walitembea vichochoroni na vipima-mahali mikononi wakiandika vyoo, shule, zahanati na mabomba ya maji. Walishiriki kwa kuwa ramani ilikuwa na wapokeaji: shirika la afya liliitaka, mkutano wa wakazi uliijadili, na mtaa uliokuwa doa tupu katika ramani rasmi ukaonekana. Vilevile maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan Memorial yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na Serikali ya Kaunti ya Nairobi, zimeonyesha kwamba nyumba ya umma ikitengenezwa watu huijaza. Mahali kama hapo ndipo panapofaa kuketi watu watano au sita wa mtaa, mwalimu wa Kiswahili, mwenye saiba, mwanafunzi wa chuo na karani mstaafu, kila mmoja akileta alilo nalo, wakaripoti kasoro walizokutana nazo, wakasahihisha tafsiri iliyopotoka, wakaandika mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza namna ya kuweka Carlito na kutoa PDF.

Lakini kundi hilo halitadumu kwa mapenzi matupu, na ndiyo sababu mpangilio wa mambo una umuhimu. Anayetaka kuiona jumuiya hii ikikua Eastlands asianze kwa kugawa CD wala kwa kuitisha semina. Aanze kwa mpokeaji mmoja aliye karibu, mwenye hati ambayo watu wengi wanaihitaji. Fomu ya basari ya eneo bunge au ya wadi yafaa kuwa ya kwanza: maelfu ya wazazi huitafuta kila mwaka, hutolewa na ofisi ya umma yenye mlango na karani ajulikanaye, haina hesabu za kuhitaji makro, na hakuna ugumu wowote wa kiufundi wa kuitoa na kuipokea kwa OpenDocument, kwa sababu programu ya Microsoft yenyewe imekuwa ikizifungua faili hizo tangu mwaka wa 2009. Ikikubaliwa hiyo, yafuate matangazo ya kazi ya kaunti, yasitaje tena jina la kampuni bali yataje ujuzi. Kisha lifuate tamko la Baraza la Mitihani, ambalo ndilo litakalowageuza walimu na vyuo vya juu ya maduka. Kila hatua katika hizo yaweza kuombwa kwa barua, kwa kutaja kifungu cha sheria, na kila moja ikikubaliwa huzaa watu ambao riziki yao itategemea programu huria kufanya kazi vizuri, na hao ndio watakaoitafsiri, watakaoilalamikia na watakaoitunza pasipo kusubiri ruzuku ya mtu.